Siku tano kwenda Suilven, mlima wa peke yake

Siku ya kwanza: Glasgow hadi Lochinver

Mvuvi wa dagaa wa Mwanza, akiwa amekaa kwenye mtumbwi wake katikati ya Ziwa Victoria, yuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Suilven, mlima wa kaskazini-magharibi mwa Uskoti, kina mita 731. Nilipomtajia Shemeji namba hizo mbili jikoni kwake, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Sasa Shemeji, tupande treni, tupande basi, tupande basi jingine, tulale njiani, kwa ajili ya mlima ulio chini ya mtumbwi?"

Ana haki ya kuuliza. Kabla hajaja Uskoti alikuwa mgumu, mbeba mizigo wa Kilimanjaro, mtoto wa Marangu aliyepandisha mabegi ya wageni kwa kichwa na mabega miaka sita. Milima anaijua kwa shingo na magoti. Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia juu ya mawe, na mawe ndiyo yaliyonivuta huku. Nitafika hapo.

Tuliondoka Glasgow asubuhi na mabegi mawili: hema dogo la tahadhari, jiko la gesi, sufuria moja, unga wa uji, chai, tangawizi, na mfuko wa dagaa wa kukaanga ambao dada yangu alitufungia. Dagaa ni chakula cha safari hasa. Hawana uzito, hawaharibiki, na mkono mmoja ukijaa unatosha mlo. Treni ilipanda taratibu hadi kwenye pito la Drumochter, mita 452, mahali pa juu kuliko pote kwenye reli kuu za Uingereza, halafu ikateremka kuelekea Inverness. Kutoka Inverness ni basi hadi Ullapool, bandari ya feri ziendazo Stornoway. Kutoka Ullapool ni basi dogo kwenda kaskazini, na hapo ndipo unapoanza kuona kwamba nchi imebadilika. Nyumba zinakuwa chache, kisha zinakuwa moja moja, kisha unahesabu maili bila kuona hata moja.

Mvua ilinyesha njia nzima. Tulipita Elphin, tukapita Ledmore, mahali ambapo ramani ilisema tutaiona milima yote ya Assynt, eneo ulipo Suilven, imejipanga dirishani. Tuliona ukungu na kondoo waliolowa.

Lochinver ni kijiji cha uvuvi chenye watu mamia machache, kiko kwenye ghuba inayotazama magharibi. Tulikula pai ya samaki, moto hasa, tukaenda kutembea upande wa pili wa ghuba kunyoosha miguu. Ilikuwa kama saa tatu usiku na bado mchana mweupe, maana mwezi Juni huku jua halizami mpaka saa nne imepita. Shemeji ndiye aliyegeuka kwanza. Mawingu yalikuwa yamejiinua kama pazia, na nyuma ya kijiji, nyuma ya vilima vidogo vya kijivu, palisimama kitu ambacho sikukitarajia hata baada ya kukiona kwenye picha mara mia: kama kinu kilichofudikizwa, ubavu wima pande zote, juu mviringo, peke yake kabisa. Hakuna mlima ulioungana nacho kushoto wala kulia.

Mabaharia wa Skandinavia waliokuwa wakipita pwani hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita waliuona kutoka upande huo huo wa bahari, wakauita nguzo. Wagaeli, Waskoti wa lugha ya Kigaeli, wakaongeza neno lao la mlima, bheinn, na majina mawili yakashikana hadi leo. Shemeji alisimama mikono mifukoni muda mrefu. "Huu," akasema, "si wa kupimwa kwa mita."

Siku ya pili: Lochinver hadi Suileag

Njia ya kawaida inaanzia kijijini penyewe. Unafuata barabara nyembamba ya lami kuelekea mashariki, kilomita mbili na kitu, hadi Glencanisp, nyumba kubwa ya kizamani kando ya ziwa dogo. Hapo lami inakwisha na njia ya changarawe inaanza.

Shemeji alikuwa akitazama huku na huku. "Lango liko wapi?" Kwao Kilimanjaro hakuna hatua moja bila lango, daftari, malipo na mwongozaji. Nikamwambia hakuna lango. Tangu sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003, mtu yeyote ana haki ya kupita kwa miguu karibu kila mahali, milimani, msituni, kandokando ya maziwa, awe mwenyeji au mgeni, mradi asiharibu, asisumbue mifugo, na afunge kila geti alilolikuta limefungwa. Huombi ruhusa. Hata ardhi ikiwa ni ya tajiri, unapita.

Na hii si ya tajiri tena. Mwaka 1993 wakulima wadogo wa kaskazini mwa Assynt walichangishana, wakaomba msaada huku na huku, wakainunua ardhi waliyokuwa wakiilima kama wapangaji. Lilikuwa jambo la kutikisa Uskoti nzima. Mwaka 2005 wanajamii wa Assynt wakafuata mfano huo na kununua ekari 44,000 za Glencanisp na Drumrunie, na ndani ya ekari hizo umo Suilven wenyewe. Nilimweleza haya tukiwa tumeegemea geti, na Shemeji, ambaye baba yake alifukuzana na jirani mahakamani miaka kumi kwa ajili ya kihamba cha migomba, alitikisa kichwa. "Watu wa kawaida wamenunua mlima."

Kutoka hapo mabegi yalianza kusema. Njia inapanda na kushuka juu ya vilima vya mawe, na kila ukifika juu ya kilima unaona vilima vingine na kati yake viziwa vyeusi, vingi mno, kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo nilipotua begi nikapiga magoti.

Mawe haya yanaitwa naisi. Ni ya kijivu yenye mistari ya waridi na nyeupe, imejikunja kama unga uliokandwa ukaachwa, na baadhi yake yana umri wa miaka bilioni tatu. Ni katika mawe ya kale kuliko yote barani Ulaya. Kabla bahari ya Atlantiki haijafunguka yalikuwa kitu kimoja na mawe ya Greenland na Kanada. Niliweka kiganja. Yalikuwa ya baridi, yana chembe zinazokwaruza, na ubaridi huo na mkwaruzo huo naujua tangu nina miaka mitano, nikiteleza na wenzangu kwenye mawe ya Mwanza. Itale la Mwanza, mawe yale makubwa yaliyopandana ufukweni hadi Jiwe la Bismarck lililosimama majini, nalo lina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Mawe ya rika hilo ni machache duniani, na mimi nimezaliwa juu ya fungu moja nikapata kazi saa chache kutoka fungu la pili. Sikuwa na la kumwambia Shemeji pale. Nilikaa tu na mkono wangu juu ya jiwe, naye akanipa nafasi.

Mchana kekeo alikuwa akiita bondeni, sauti mbili, sauti mbili, bila kuchoka. Watafiti wa Uingereza wamewafunga ndege hawa vifaa vidogo vya setilaiti mgongoni na kuwafuatilia, na wamewaona wakivuka Sahara kwenda kukaa miezi ya baridi kwenye misitu ya Kongo. Kwa hiyo yule aliyekuwa akituimbia alikuwa ametoka Afrika majuzi tu.

Suileag tulifika alasiri. Ni kibanda cha mawe chenye vyumba viwili, kiko pembeni kidogo ya njia, na mlango wake unatazama Suilven moja kwa moja. Vibanda vya namna hii huitwa bothi. Kipo kimoja hapa, kingine kule, karibu mia moja nchini, na vingi vinatunzwa na chama cha kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1965. Hakuna kufuli, hakuna malipo, hakuna umeme, hakuna bomba. Maji unachota kijitoni. Choo ni koleo lililosimamishwa nyuma ya mlango, unakwenda nalo mbali na maji, unachimba, unafukia. Kuna meko, kuna jukwaa la mbao la kulalia, kuna daftari ambamo kila mpita njia anaandika alikotoka na anakokwenda. Hilo daftari linafaa kusomwa na kujazwa. Mtu akipotea, ndilo la kwanza linaloulizwa.

Nje, upepo ulipotulia, usubi ukatushukia. Ni wadogo kuliko wa kwetu, huwaoni mpaka wamekuwa wingu, na wanaingia puani, masikioni, kwenye nyusi. Tulikunywa uji tukiwa tunatembea mbio kuzunguka nyumba na sufuria mkononi, mpaka tukakubali kushindwa na kufunga mlango.

Siku ya tatu: tulipogeuka

Asubuhi mlima haukuwepo. Ukungu ulikuwa umekaa chini kiasi kwamba hata kijito cha hatua ishirini hatukukiona. Tulisubiri hadi saa nne, ukapanda kidogo, tukatoka na mfuko mmoja mwepesi.

Kutoka Suileag unarudi kwenye njia kuu na kwenda mashariki kilomita mbili hivi, ukiwa na mto Abhainn na Clach Airigh upande wa kulia, unavuka daraja, halafu unaiacha njia kuu na kukata kusini kuelekea mlimani. Zamani kipande hiki kilikuwa kidonda. Kila mpandaji alikwepa tope kwa kukanyaga pembeni, na pembeni napo pakawa tope, mpaka njia ikawa pana kama barabara ya ng'ombe wa mnada. Mafundi wa njia walikuja kuitengeneza kwa mawe, wakachimba mifereji, wakapanga vidato. Ukikanyaga pale, kanyaga mawe yao. Nje ya mawe ni udongo mweusi wa mboji uliojaa maji, na mguu unaozama humo unarudi bila kiatu.

Kote kulichanua majani yenye vichwa vyeupe kabisa, yakipunga kwa upepo. Mtu wa Usukumani hawezi kuyaona bila kufikiri pamba. Hayana faida hiyo. Ni alama ya maji: yanapokuwa meupe sana, usipite hapo. Kati yake kuna vichaka vya erika, jamii ile ile ya mierika ambayo Shemeji aliipita kila safari kati ya Mandara na Horombo, ila huku haifiki hata gotini. Aliinama akavunja kijitawi, akakinusa. "Ndiyo yenyewe," akasema, akakitia mfukoni.

Tulifika kwenye viziwa viwili vilivyo chini ya ukuta wa mlima, na hapo upepo ukatukuta. Mvua haikuwa ikianguka, ilikuwa ikija kwa ubavu. Koti langu ni zuri, lakini maji yalipata njia shingoni, yakashuka mgongoni, na nilipojaribu kufungua mfuko wa dagaa vidole havikutii. Nilitaka tuendelee. Tulikuwa tumebakiza mwinuko mmoja tu hadi kwenye tandiko la mlima. Nilimwambia Shemeji, dakika arobaini tu.

Akanishika mkono, akaniambia niguse dole gumba langu kwa kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Sikuweza.

"Tunarudi."

"Shemeji, karibu tufike."

"Nimeshuka na wageni migongoni waliokuwa karibu kufika. Tunarudi, mlima haukimbii."

Kule Kilimanjaro kinachoua ni kimo: hewa inapungua, kichwa kinavimba, mapafu yanajaa. Suilven hauna kimo cha kumfanya mtu aumwe kichwa. Kinachoua huku ni kulowa na upepo kwa pamoja, hata mwezi Juni, hata joto likiwa nyuzi kumi. Mwili unapoteza moto taratibu, unaanza kutetemeka, unakuwa mzito wa kusema, unakosea hesabu ndogo, na yule anayekosea ndiye wa mwisho kujua. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukosea. Nilipokuwa nabishana pale nilidhani nawaza sawasawa.

Tulirudi Suileag, tukavua kila kitu, tukawasha moto kwa kuni chache alizotuachia mtu tusiyemjua. Mchana wote ulikuwa wetu, basi tukatandaza ramani.

Suilven ni ukuta mrefu wa zaidi ya kilomita mbili, mwembamba, uliolala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, una vilele vitatu. Caisteal Liath, Ngome ya Kijivu, ndicho kile kinu kinachoonekana baharini, na ndicho kirefu. Meall Meadhonach, kilima cha kati, mita 723. Meall Beag, kilima kidogo, mwisho wa mashariki. Kati ya cha kwanza na cha pili mgongo umebonyea, na bonde hilo la juu huitwa Bealach Mòr, pito kubwa. Pande nyingine ni kuta za mawe, kwa hiyo njia za wapandaji wa kawaida zote zinakutana pale. Kutoka kaskazini ndiyo hii yetu ya Lochinver, zaidi ya kilomita 20 kwenda na kurudi. Kutoka kusini-magharibi ni ya Inverkirkaig, kufuata mto Kirkaig hadi ziwa Fionn, ndefu kidogo, yenye maji mengi zaidi chini ya miguu. Na iko ya tatu, ya wachache, kutoka upande wa Elphin kandokando ya Cam Loch, ambayo watu huitumia kuvuka nchi nzima hadi Lochinver.

Niliendelea kuyatazama majina ya ramani hata Shemeji aliposinzia. Clach Airigh. Àirigh ni kibanda cha malisho, mahali ambapo kina mama na vijana walihamia na ng'ombe kila kiangazi, wakakamua, wakatengeneza jibini, wakarudi mabondeni majira ya mavuno. Mto una jina la kibanda, na kibanda hakipo. Ukizoea kutazama, unaviona: mstari wa mawe ulio sawa mno, kijani cha nyasi laini katikati ya vichaka, mahali palipowahi kupata mbolea ya ng'ombe.

Watu hawa hawakuondoka kwa hiari. Mwanzoni mwa karne ya 19 wenye ardhi wa Sutherland, wilaya ya zamani ambayo Assynt imo ndani yake, waliamua kwamba kondoo wanalipa kuliko wapangaji. Familia zilitolewa kwenye mabonde ya ndani zikasukumwa pwani, kwenye vipande vya mawe, wakaambiwa wavue samaki. Wengi walipanda meli kwenda Kanada. Vitabu vya watalii vinaiita nchi hii pori la mwisho, upweke wa asili. Nimekaa kwenye kibanda kile siku nzima nikisoma majina, na siwezi kuliita pori. Umbali huu wa leo, maili na maili bila moshi wa jiko, ulifanywa na watu kwa makaratasi na amri. Nchi ya wafugaji naijua nikiiona, hata ng'ombe wakiwa wameondoka miaka mia mbili.

Siku ya nne: Caisteal Liath, kisha kusini

Niliamka saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu ya mwanga. Nikafungua mlango. Mlima wote ulikuwa pale, mwekundu kwa jua la asubuhi, hauna hata uzi wa wingu.

Saa kumi na mbili tulikuwa njiani na mabegi yote, maana tuliamua kushukia upande wa pili. Mahali fulani kabla ya mwinuko mkali nilianza kutazama chini kwa makini, na nikapaona. Naisi ya kijivu inakwisha, na juu yake panaanza mawe mchanga, mekundu ya udongo wa matofali, yamepangwa tabaka kwa tabaka, na ndani yake kuna vijiwe vya mviringo vya kwatzi, vidogo kama maharage. Ni mchanga na kokoto zilizoletwa na mito mikubwa kama miaka bilioni moja iliyopita. Yale ya chini ni ya miaka bilioni tatu, haya ya juu ni ya bilioni moja. Nilipanua vidole: kidole gumba kwenye naisi, kidole kidogo kwenye mchanga. Katikati hapo, penye upana wa kiganja changu, karibu miaka bilioni mbili haina jiwe la kuionyesha.

Tabaka hizi nyekundu zamani zilifunika nchi nzima. Mito ilizila, kisha barafu ya zama za baridi ikapita mara nyingi, ikakwangua, ikabeba, mpaka pakabaki visiwa vichache vya mawe mchanga vilivyosimama juu ya sakafu ya kale: Suilven, Cùl Mòr, Stac Pollaidh, Quinag. Ndiyo maana uko peke yake. Haukuinuliwa kutoka chini kama Kilimanjaro ulivyojijenga kwa moto. Huu ni kile kilichobaki wengine walipochukuliwa.

Korongo la kupandia Bealach Mòr ni kali, changarawe na vidato vya mawe, unapanda ukiwa umeshika magoti. Shemeji alikwenda mbele kwa mwendo wake ule wa kigumu, hatua fupi, pole pole, pumzi ikiingia kwa pua, wala hakusimama hata mara moja. Juu tukatua mabegi, tukayaegemeza kwenye ukuta.

Naam, ukuta. Juu ya mlima huu wa mbali, pamejengwa ukuta wa mawe makavu, bila saruji, unaokata mgongo wa mlima kutoka ubavu hadi ubavu. Umenyooka, umefungwa vizuri, mawe makubwa chini, madogo yamejaza nafasi. Kuna mtu alipanda huku na chakula chake, siku baada ya siku, akabeba mawe haya kwa mikono. Shemeji aliupapasa kwa muda mrefu, akaingiza vidole kwenye maungio. "Huyu alikuwa fundi," akasema, na akasema kwa heshima, kama mtu anayemtaja mwenzake wa kazi. Njia inapita kwenye pengo la ukuta huo, kuelekea magharibi.

Kipande cha mwisho si kigumu. Mgongo unakuwa mwembamba mahali pawili, mkono unahitajika kidogo, na kushoto na kulia kuna hewa tupu. Halafu, bila kutarajia, unatokea kwenye uwanja wa nyasi. Juu ya ngome hii ya mawe pana nafasi ya kuchezea mpira, nyasi fupi, laini, na rundo la mawe la kuonyesha kilele.

Saa tatu na robo asubuhi. Magharibi bahari, na ng'ambo yake mstari mwembamba wa kisiwa cha Lewis. Kusini Stac Pollaidh na mgongo wake wa mamba, na Cùl Mòr. Mashariki Canisp, mita 847, mlima mpana wenye kofia ya mawe meupe ambayo Suilven ulishaipoteza. Kaskazini Quinag. Na chini, pande zote, ile sakafu ya kijivu na maziwa yake, yakimetameta mamia kwa mamia, kama mtu aliyedondosha kioo na hakuokota. Tulikula dagaa. Shemeji akatoa kile kijitawi cha erika mfukoni, akakitazama, akakirudisha.

"Uhuru nimefika mara nyingi," akasema. "Ila sikuwahi kukaa. Mgumu hakai. Unaweka mzigo, unashuka." Alilala chali kwenye nyasi, akavua kofia. Tulikaa hapo karibu saa nzima, na sikumharakisha.

Kushuka kusini ni mtihani wa magoti. Korongo la upande huo ni la mawe yanayotembea, na tulipeana nafasi ili la juu lisimwangukie wa chini. Kisha ni uwanda wa maji hadi ziwa Fionn, na hapo tulikosea: tulikata kona kufuata unyayo uliotuvutia, ukatupeleka kwenye tope la magotini, tukapoteza dakika arobaini. Fuata njia inayozunguka kichwa cha ziwa upande wa kaskazini-magharibi, hata ikionekana inakurudisha nyuma. Chini ya ziwa maji yanaingia mto Kirkaig na kuanguka mita 18 kwenye korongo jembamba, maji ya rangi ya chai ya rangi. Unayasikia kabla ya kuyaona. Kutoka maporomoko njia ni nzuri, inaingia miti ya betula, ndege wamejaa, na ng'ambo ya mto ni wilaya nyingine ya zamani, Ross.

Inverkirkaig tulifika saa kumi na moja jioni. Lochinver ni kilomita tano zaidi kwa lami, na kwa miguu ile zilikuwa ndefu kuliko mlima. Usiku, kabla ya kulala, tulikaguana kupe nyuma ya magoti na shingoni. Nilikuwa nao wawili. Usiruke kazi hiyo, wanaleta maradhi ya Lyme.

Siku ya tano: kurudi

Basi dogo la asubuhi, watu wanne ndani. Linapita kando ya ziwa Assynt, linapita gofu la ngome ya Ardvreck kwenye ncha ya ardhi iliyoingia ziwani, linapita Inchnadamph, kisha linarudi chini kuelekea Ledmore na Elphin. Mbele kidogo ni Knockan Crag, jabali ambalo mwishoni mwa karne ya 19 liliwagombanisha wanajiolojia, kwa sababu mawe ya juu yalikuwa ya kale kuliko ya chini. Ben Peach na John Horne walipima nchi hii kwa miguu miaka na miaka, wakathibitisha kwamba mawe ya mashariki yalisukumwa yakapanda juu ya yale ya magharibi, na kitabu chao cha mwaka 1907 bado kinaheshimiwa. Nilitaka kumwonyesha Shemeji, lakini alikuwa amelala, kichwa kimegonga kioo, buti bado zina tope la Fionn.

Tulipozunguka kona karibu na Ledmore niligeuka nyuma. Mahali pale pale tulipoona ukungu na kondoo siku ya kwanza, mlima ulikuwa umesimama ng'ambo ya Cam Loch. Sikuutambua mara moja. Kutoka upande huu hauna kinu wala ngome. Unautazama kwa ncha, Meall Beag mbele na Meall Meadhonach nyuma yake, mwembamba, mkali kama jino la msumeno, na Caisteal Liath imejificha kabisa.

Nikamgusa bega. "Shemeji, amka."

Alifungua jicho moja, akatazama, akauliza ule ni mlima gani.